Mwongozo Kamili kwa Wakuu wa Shule Binafsi: Jinsi Mtazamo wa Mwalimu Unavyomfikisha Kwenye Barua ya Kuacha Kazi, na Hatua za Kuchukua Mapema

Barua nyingi za kuacha kazi katika shule binafsi ni fupi na za heshima. Mwalimu anashukuru kwa ushirikiano aliopewa, anataja sababu za kifamilia au nafasi ya kujiendeleza, kisha anaomba barua yake ipokelewe. Mkuu wa shule anaisoma, anahitimisha kwamba tatizo ni mshahara, anaiweka kwenye faili, na muhula unaofuata anapokea nyingine yenye maneno yale yale.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkuu huyo, meneja wa shule na afisa rasilimali watu wa shule binafsi nchini Tanzania, ingawa mwenye hospitali au hoteli naye atakuta mengi yanayomhusu. Msingi wake ni kwamba mtu hupima kazi yake kwa kile anachokiona kutoka mahali alipo, na kile anachokiona kinaweza kuwa tofauti kabisa na kilichoandikwa kwenye mafaili ya ofisi. Mwaka 1958 wataalamu wa Marekani James March na Herbert Simon walieleza kwamba uamuzi wa kuondoka hutegemea mambo mawili: mtu anaonaje uzuri wa kuondoka, na anaonaje wepesi wa kuondoka. Yote mawili ni tathmini za mhusika mwenyewe. Mwajiri anayehesabu mshahara na posho peke yake anahesabu upande wake tu.

Hatua ya 1: Tenganisha aina za walioondoka

Chukua kumbukumbu za watumishi za miaka mitatu iliyopita, uandike kwa kila aliyeondoka: somo alilofundisha, muda aliokaa, mwezi alioondoka na namna alivyoondoka. Aliyestaafu, aliyefukuzwa na ambaye shule ilikataa kumwongezea mkataba wasichanganywe na aliyeacha kwa hiari. Kisha gawanya idadi ya walioacha kwa hiari katika mwaka kwa wastani wa idadi ya walimu wa mwaka huo, na uzidishe kwa 100. Shule yenye wastani wa walimu 40 iliyopoteza 8 ina kiwango cha asilimia 20.

Kiwango hicho peke yake hakisemi mengi. Muhimu zaidi ni mpangilio wake. Ikiwa walioondoka wengi hawakumaliza mwaka wa kwanza, shuku ahadi zilizotolewa wakati wa usaili. Ikiwa wengi walitoka idara moja, mtazame mkuu wa idara hiyo. Ikiwa waliondoka Desemba na Januari, soma sehemu ya mikataba hapa chini kwa makini. Weka pia alama kwa kila jina ambalo ungeliajiri tena kesho bila kusita, kwa sababu kupoteza watatu wa aina hiyo kunaumiza kuliko kupoteza sita wengine.

Hatua ya 2: Fahamu mwalimu anaangalia nini

Jambo la kwanza ni haki, na hapa ndipo ninapoona wakuu wengi wanapotea njia. Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia J. Stacy Adams alionyesha kwamba mfanyakazi hulinganisha anachotoa na anachopata, kisha huweka uwiano huo kando ya uwiano wa mwenzake. Maana yake ni kwamba nyongeza ya fedha inaweza kuleta manung'uniko mapya iwapo imetolewa kwa namna inayoonekana ya upendeleo.

Chukua motisha ya matokeo, ambayo shule nyingi binafsi huitoa kwa kila alama ya A katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Mwenye shule anaiona kama ukarimu. Sasa kaa kwenye kiti cha mwalimu wa Hisabati wa kidato cha kwanza na cha pili, aliyewapokea wanafunzi wasiojua hata kujumlisha sehemu, akawafundisha jioni hadi wakaelewa, kisha akawakabidhi kwa mwenzake wa kidato cha tatu. Siku ya kutoa motisha, mwenzake anaitwa mbele ya wafanyakazi wote, anapewa bahasha na kupigiwa makofi. Yeye anapiga makofi pamoja na wengine, na ndani ya moyo wake amekwisha kufanya hesabu: katika shule hii kazi ya msingi haionekani. Mshahara wake haujapungua hata shilingi moja siku hiyo, lakini thamani ya kazi yake machoni pake imeshuka. Wapo wakuu walioliona hilo wakagawa motisha kwa walimu wote waliopita na kundi hilo la wanafunzi tangu kidato cha kwanza, na wakatangaza kanuni ya mgawo mwanzoni mwa mwaka. Naona huo ni utaratibu bora zaidi, hata kama fungu la kila mmoja linakuwa dogo.

Jambo la pili ni ahadi. Mkataba ulioandikwa una kurasa chache, lakini mwalimu ana mkataba mwingine kichwani uliojengwa na maneno ya siku ya usaili: nyumba itapatikana, mshahara utaangaliwa upya baada ya kipindi cha majaribio, vipindi havitazidi idadi fulani kwa wiki. Aliyesema maneno hayo huenda amesahau. Aliyeambiwa hasahau, na kila mwezi unaopita bila ahadi kutimia anauhesabu kuwa ni uvunjaji wa makubaliano.

Jambo la tatu ni usalama wa kesho. Mikataba mingi ya walimu wa shule binafsi ni ya mwaka mmoja au miwili na huishia mwishoni mwa mwaka wa masomo. Ikiwa mkataba unakwisha tarehe 31 Desemba na hadi katikati ya Novemba hakuna aliyesema neno, ukimya huo una maana kwa mwalimu. Mkuu ananyamaza kwa sababu ana uhakika kwamba mwalimu ataendelea; mwalimu anausikia ukimya huo kama dalili kwamba hatakiwi, anaanza kupeleka barua za maombi, na shule inapomletea mkataba mpya wiki ya mwisho anakuwa amekwisha kukubali kazi kwingine. Hasara hii ingezuiwa kwa barua ya aya mbili iliyotolewa Septemba.

Usalama huo huo unaguswa na michango ya hifadhi ya jamii. Mwalimu anaona makato kwenye hati yake ya mshahara, anakagua akaunti yake ya NSSF, anakuta miezi kadhaa haijaingizwa. Hapo hakuna tafsiri ya kubishania, nami nitalirudia suala hili katika hatua ya nne.

Jambo la nne ni mlango wa kutokea. Serikali inapotangaza nafasi za walimu, ofisi ya walimu hubadilika kwa siku moja. Watu wanatafuta vyeti vyao na kuulizana kuhusu mfumo wa maombi. Wakuu hushangaa kwamba hata mwalimu anayelipwa vizuri kuliko kiwango cha kuanzia cha serikali anaomba. Hapaswi kushangaa anayejua kwamba mwalimu huyo hatazami mshahara wa mwezi mmoja. Anatazama maneno "masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni", urahisi wa kupata mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, na uwezekano wa ruhusa ya kwenda masomoni. Shule binafsi haiwezi kuwa serikali, lakini inaweza kuuliza ni lipi kati ya hayo ambalo mwalimu wake analihitaji zaidi, na mara nyingine lile moja linawezekana.

Hatua ya 3: Uliza mapema, na uulize vizuri

Mahojiano ya kuondoka huja kwa kuchelewa. Panga mazungumzo na kila mwalimu angalau mara moja kwa mwaka, ya nusu saa, nje ya kikao cha tathmini ya utendaji. Ni afadhali yasifanywe na mtu anayeandika tathmini yake wala anayeamua mkataba wake. Katika shule ndogo anaweza kuwa mshauri wa walimu, mjumbe wa bodi anayeheshimika, au mwalimu mwandamizi anayejulikana kwa kutunza siri.

Tarajia kwamba jibu la kwanza litakuwa "Hamna shida, Mkuu." Jibu hilo ni adabu, hivyo usilichukue kuwa taarifa. Mwalimu kijana hatamwambia mkubwa wake usoni kwamba hajaridhika, hasa akiulizwa swali pana kama "Unajisikiaje hapa?" Uliza kuhusu mambo yaliyotokea, kwa sababu ni rahisi mtu kusimulia tukio kuliko kutoa lawama. Maswali haya yananyoosha mazungumzo:

- Tulipokuajiri, ni jambo gani tulilokuambia ambalo hujaliona hadi leo?
- Muhula huu lilitokea lolote lililokufanya ufikirie kutafuta kazi kwingine, hata kwa muda mfupi?
- Ukitazama mzigo wa vipindi, zamu na usahihishaji katika idara yako, unaonaje mgawanyo wake?
- Baada ya miaka miwili ungependa uwe umefika wapi, na unaiona njia ya kufika huko ukiwa hapa?
- Uamuzi gani wa ofisi ulitangazwa bila wewe kuelewa sababu yake?

Baada ya kuuliza, nyamaza. Usitetee ofisi, usieleze upande wako, usiahidi chochote siku hiyo. Andika alichosema kwa maneno yake, kisha umsomee ili athibitishe.

Dodoso lisilo na jina lina faida zake, lakini katika shule yenye walimu 40 ni rahisi kujidanganya. Ukimtaka mtu ataje idara, jinsia na miaka aliyokaa, umekwisha kumtambua, naye analijua hilo, na atajibu kwa tahadhari ile ile. Acha maswali ya utambulisho, au uliza moja tu. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi na zitumike kwa lengo hilo. Kauli ya mwalimu aliyoitoa kwa faragha isionekane baadaye kwenye barua ya karipio. Likitokea hilo mara moja tu, hutapata ukweli tena kwa miaka.

Hatua ya 4: Pambanua picha sahihi na picha isiyo sahihi

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo mzima. Chukua kila jambo lililosemwa, uliandike kwenye mstari wake, kisha ukague kumbukumbu za shule na ujiulize: anachokiona mwalimu ndivyo kilivyo?

Akiwa amesema kwamba michango yake ya NSSF haipelekwi, na mhasibu akathibitisha kwamba miezi minne ipo nyuma, mwalimu yuko sahihi. Hakuna maelezo, kikao wala chakula cha pamoja kitakachotengeneza jambo hilo. Kinachotakiwa ni kulipa, na kama fedha haipo, kuweka ratiba ya kulipa yenye tarehe na kuifuata. Kujaribu kubadili mtazamo wa mtu anayeona sawasawa ni kumdanganya. Atakapogundua, atakuwa na sababu mbili za kuondoka badala ya moja.

Akiwa amesema kwamba mwenzake aliyeajiriwa baada yake analipwa zaidi, na kumbukumbu zikaonyesha kwamba wanalipwa sawa ila mwenzake analipwa posho ya uangalizi wa bweni, basi picha si sahihi, lakini kosa la picha hiyo ni la ofisi. Ofisi haikuwahi kuchapisha viwango vya mishahara na posho, na pasipo taarifa watu hujaza nafasi kwa uvumi. Tengeneza jedwali la ngazi za mshahara na vigezo vya kila posho, lisiwe na majina ya watu, na uligawe kwa wote.

Mengi yataangukia katikati, kama dai kwamba zamu za mwisho wa wiki hupangiwa wasio na familia. Pengine mpangaji hakukusudia ubaguzi, lakini ukihesabu ratiba ya muhula mzima unakuta kweli ndivyo ilivyokuwa. Hapo badilisha ratiba kwanza, kisha eleza.

Hatua ya 5: Andaa kalenda ya mishtuko

Mwaka 1994 watafiti Thomas Lee na Terence Mitchell walipendekeza kwamba watu wengi hawafikii uamuzi wa kuondoka kwa kuchoka kidogo kidogo pekee. Mara nyingi hutokea jambo linalomshtua mtu na kumlazimisha aifikirie kazi yake upya. Jambo hilo linaweza kuwa baya, kama kufokewa mbele ya wanafunzi. Linaweza kuwa jema, kama kufunga ndoa au kupigiwa simu na shule nyingine. Hata mwalimu aliyeridhika anaweza kuondoka kwa njia hii, ndiyo maana mkuu husema, "Huyu sikumtegemea kabisa."

Mishtuko mingi katika shule inajulikana mapema. Iandike kwenye kalenda: siku ya matokeo ya mtihani wa taifa, kubadilika kwa mkuu au mwenye shule, ugawaji wa vipindi Januari, mwisho wa mikataba, tangazo la ajira serikalini, mwalimu kurejea kutoka likizo ya uzazi, na mwalimu kuhitimu shahada aliyoisoma akiwa kazini. Huyo wa mwisho husahaulika mno. Amesoma jioni kwa miaka, amehitimu, ameleta nakala ya cheti ofisini; karani ameipokea na kuiweka kwenye faili bila mtu yeyote kumwita na kumweleza kama mshahara au wadhifa wake utabadilika. Muite wiki hiyo hiyo, hata kama jibu ni kwamba mabadiliko yatasubiri bajeti ya mwaka ujao.

Hatua ya 6: Eleza uamuzi mgumu kabla haujatafsiriwa

Mwaka 1990 mtafiti Jerald Greenberg alichapisha utafiti kuhusu kampuni moja ya Marekani iliyopunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki 10 katika viwanda vyake viwili. Katika kiwanda kimoja viongozi waliitisha mkutano mrefu, wakaeleza sababu kwa takwimu, wakaonyesha kuguswa na kujibu maswali. Katika kingine walitoa tangazo fupi. Makato yalikuwa sawa, lakini wizi wa mali ya kiwanda na idadi ya walioacha kazi vilikuwa vikubwa zaidi pale ambapo maelezo yalikuwa haba.

Sasa tazama mshahara unapochelewa shuleni. Tarehe 30 imepita, tarehe 5 imepita, ofisi imekaa kimya, na asubuhi ya tarehe 6 gari jipya la mkurugenzi limeegeshwa mbele ya jengo la utawala. Huenda gari hilo ni la mkopo wa biashara nyingine isiyohusiana na shule. Mwalimu aliyekopa nauli hawezi kulijua hilo, na hawajibiki kulijua. Mkuu ambaye tarehe 27 angewaita walimu, akasema kiasi cha ada ambacho hakijalipwa na wazazi, tarehe ambayo mishahara italipwa, na kwamba viongozi nao watalipwa siku hiyo hiyo, angekuwa na ofisi ya walimu iliyo tofauti kabisa. Sharti ni kwamba tarehe hiyo iheshimiwe. Maelezo mazuri yakifuatwa na ahadi iliyovunjwa huumiza kuliko kimya.

Hatua ya 7: Imarisha viungo halali vinavyomfanya mwalimu abaki

Mwaka 2001 Mitchell na wenzake waliongeza swali la upande wa pili: kwa nini watu hubaki? Walitaja uhusiano wa mtu na watu wa kazini na mtaani, jinsi anavyofaana na mahali hapo, na vitu atakavyovipoteza akiondoka. Kwa shule, viungo hivyo ni kama nafasi ya mtoto wa mwalimu kusoma kwa punguzo la ada, chama cha kuweka na kukopa, nyumba iliyo karibu, na darasa la mtihani ambalo mwalimu amelilea mwenyewe.

Wapo waajiri wanaotafuta mkato kwa kushikilia vyeti halisi vya mwalimu ili asiondoke. Nalisema hili kwa uzito: ukishikilia cheti cha mtu umemwambia kwamba humwamini, na umempa sababu ya kuondoka siku atakayokipata. Hakiki vyeti, chukua nakala, rudisha halisi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Barua ikishafika

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi ambaye amepita mwezi wa kwanza wa kazi; mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Kwa shule inayotaka kulinda muhula, hiyo ni njia bora kuliko vitisho. Sheria hiyo inatambua pia kwamba mfanyakazi aliyeacha kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa, na mgogoro wa namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa hiyo barua inayotaja manyanyaso isipokewe kama barua ya kawaida, ichunguzwe.

Kumpandishia mshahara aliyekwisha kuandika barua ni jambo la kufikiria mara mbili. Kama kilichomwondoa ni dharau ya mkuu wa idara, fedha itamchelewesha miezi michache tu, na wenzake watakuwa wamejifunza kwamba katika shule hii mtu husikilizwa akitishia kuondoka.

Mlipe stahiki zake kwa wakati, mpe hati ya utumishi, na ufanye naye mazungumzo baada ya malipo kukamilika, wakati hana tena cha kuhofia. Inafaa zaidi kumpigia baada ya miezi mitatu, akiwa ametulia kazini kwake kupya, na kumuuliza ni lini kwa mara ya kwanza aliwaza kuondoka na siku hiyo lilikuwa limetokea nini. Linganisha jibu hilo na kauli yake katika mazungumzo ya hatua ya tatu. Yakitofautiana sana, kasoro iko katika namna mnavyouliza, na hapo ndipo pa kuanzia marekebisho kabla ya mzunguko wa mwaka unaofuata.